Joto Ambalo Kipimajoto cha Bukoba Hakilioni

Kipimajoto cha Bukoba hakimtishi mtu. Mwaka mzima joto la mchana hucheza kwenye nyuzi 25 hadi 27, usiku likishuka hadi 16 au 17, na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka huuacha mji ukiwa wa kijani hata katika miezi ambayo Dodoma na Shinyanga zimegeuka rangi ya vumbi. Mtu akikuambia kwamba katika hali hiyo mbuzi wa maziwa anapungukiwa maziwa kwa sababu ya joto, unaweza kumcheka. Ndiyo maana wengi hawalisemi. Kiwele kikilegea mwezi wa Julai au Februari, lawama hupelekwa kwingine: majani yamekomaa, beberu alikuwa wa mbegu hafifu, jirani ana jicho baya.

Majani kweli hukomaa, na beberu hafifu wapo. Lakini lipo joto ambalo kipimajoto cha mji hakilioni. Vituo vya hali ya hewa hupima joto la hewa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kilichoinuliwa kutoka ardhini na kukingwa jua. Mbuzi wa Muleba, wilaya ya jirani, hakai kwenye kisanduku hicho. Anakaa kwenye banda dogo nyuma ya jiko, bati likiwa karibu na mgongo wake, migomba imemzunguka pande tatu na upepo wa ziwa haumfikii. Akiwa humo, anachokihisi saa tisa alasiri hakina uhusiano mkubwa na nyuzi 26 zilizotangazwa redioni.

Mbuzi wa kienyeji hana shida na mjadala huu. Anamnyonyesha mwanawe, na kinachobaki kwa binadamu hakifiki nusu lita kwa siku. Shida huja na damu ya kigeni. Saanen na Toggenburg, majina mawili yanayosikika sana kwenye miradi ya mbuzi wa maziwa Afrika Mashariki, yote ni majina ya mabonde ya Uswisi, moja katika jimbo la Bern na jingine katika jimbo la St. Gallen. Waliowaleta mbuzi wa Ulaya Tanzania walijua kutafuta milima. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliwapeleka mbuzi wa Norway Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, katika miaka ya 1980. Shirika la FARM-Africa liliwapeleka Toggenburg Babati. Kwa majirani zetu wa Kenya, mbuzi hao walishamiri Meru, kwenye ubaridi wa Mlima Kenya.

Kagera, mkoa wenye Bukoba na Muleba, ilikuwa na sababu yake ya kuwataka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walitoka mkoa huu, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata Bukoba na Muleba zilijaa nyumba ambazo bibi analea wajukuu bila mtu mzima katikati yao. Ng'ombe wa maziwa anataka mzigo mkubwa wa majani kila siku na mikono ya kuyakata. Mbuzi anatosheka na kile ambacho mtoto anaweza kukibeba akitoka shule, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Kwa utaratibu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi, jike wa kwanza kuzaliwa anakwenda kwa jirani. Chotara mzuri akitunzwa hutoa lita moja hadi mbili kwa siku. Kwa nyumba yenye watoto wanne, hilo si jambo dogo.

Sasa tuingie ndani ya mbuzi mwenyewe, maana humo ndimo fumbo lilimo.

Mwaka 1963 mtafiti Linzell wa taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge nchini Uingereza, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo hata leo linashangaza ukilisoma. Alikihamisha kiwele cha mbuzi kutoka mahali pake na kukiunganisha na mishipa ya damu ya shingoni. Neva zote zilikuwa zimekatwa. Kiwele kikaendelea kutengeneza maziwa, kikiwa kinaning'inia shingoni. Maana yake ni kwamba amri ya kutengeneza maziwa haipiti kwenye neva. Inasafiri ndani ya damu. Mwaka uliofuata, 1964, Cowie na wenzake wa Shinfield, karibu na Reading, walionyesha amri hiyo ni ya nani. Mbuzi walioondolewa tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, walikauka. Maziwa yalirudi kikamilifu walipochomwa homoni kadhaa kwa pamoja: prolaktini, homoni ya ukuaji, homoni ya tezi ya shingo, na zile za jamii ya kotisoli. Hakuna moja iliyotosha peke yake.

Homoni zote hizo nne huguswa na joto, na hapo ndipo stori ya Cambridge na Reading inapofika Muleba. Mnyama akizidiwa na joto, mwili wake hupunguza homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu homoni hiyo ndiyo inayochochea mwili uzalishe joto lake. Homoni ya ukuaji nayo hushuka. Kotisoli hupanda. Cha ajabu ni prolaktini, ambayo jina lake lenyewe linatokana na maziwa. Wakati wa joto hiyo huongezeka kwenye damu, na bado maziwa hupungua. Wataalamu wanalihusisha ongezeko hilo na kazi nyingine ya prolaktini, ya kuratibu maji na jasho mwilini, na wanaona kiwele huwa kama kimeacha kuisikia. Kwa hiyo anayedhani kwamba sindano moja ya homoni itamrudishia lita yake anaota. Kiwele hakikosi homoni moja. Mwili mzima umepanga upya vipaumbele vyake, na maziwa yamesogezwa chini.

Nir Silanikove, mtafiti wa kituo cha Volcani nchini Israel aliyewachunguza mbuzi kwa miaka mingi, aliongeza kipande kingine. Yeye na wenzake walionyesha kwamba kotisoli ya mnyama aliyepatwa na msukosuko huamsha kimeng'enya ndani ya maziwa yenyewe, yakiwa bado kiweleni. Kimeng'enya hicho huikata protini ya kasini, na kipande kimoja kinachokatika huzifunga njia ambazo chembe za kiwele huzitumia kupitisha chumvi na maji. Utengenezaji hupungua ndani ya saa chache. Nimelipenda jambo hili kwa sababu linajibu swali ambalo wafugaji huuliza kwa kero: iweje mbuzi aliyetoa lita na nusu jana atoe kikombe leo, na majani ni yale yale? Huyo hakuhitaji wiki nzima ya njaa. Mchana mmoja mbaya ulitosha.

Njaa nayo inahesabika. Mbuzi aliyepata joto hula kidogo na kunywa sana. Huko Barcelona walipowaweka mbuzi wa Murciano-Granadina kwenye vyumba vya nyuzi zaidi ya 35 mchana, waliona chakula kikishuka, maji yakipanda sana, na mafuta na protini ya maziwa vikipungua hata pale ambapo wingi wa maziwa haukushuka kwa kiasi cha kutisha. Kipimo cha lita peke yake, basi, kinaweza kumdanganya mfugaji: chombo kimejaa lakini maziwa ni mepesi. Na kwa ng'ombe, watafiti wa Marekani waliwalisha wanyama waliokaa kwenye ubaridi kiasi kile kile kidogo walichokula wenzao wa kwenye joto. Maziwa ya wale wa ubaridi yalipungua, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Kula kidogo kulieleza sehemu tu ya hasara. Sehemu nyingine ilikuwa kazi ya joto lenyewe.

Haya yote ni ya nyuzi 35. Bukoba haifiki huko. Kwa nini basi tujisumbue?

Kwa sababu ya unyevu, kwanza. Mbuzi hupoza mwili kwa kutoa maji kwa njia ya pumzi, na kwa kiasi kidogo kwa jasho. Maji hayo lazima yakauke hewani ndipo yaondoke na joto. Hewa ya mwambao wa Ziwa Victoria karibu imeshajaa maji tayari, hasa baada ya mvua za alfajiri ambazo ziwa hilo linajulikana kwazo. Mbuzi anahema na hewa haipokei. Mkulima wa Kyaka, ambako mvua ni nusu ya ile ya ufukweni, ana joto zaidi kwenye kipimajoto lakini hewa yake inasaidia. Wa Bukoba ana joto dogo lisilotoka.

Pili ni bati. Nyumba ya kale ya Wahaya, mushonge, ilikuwa ya nyasi kuanzia kilele hadi chini, na mifugo ililala humo humo pamoja na wenyewe. Sina hamu ya kuwarudisha watu kulala na mbuzi, na moshi wa humo ulikuwa na madhara yake. Lakini nyasi zile zilizuia joto la jua vizuri sana. Bati lililopigwa na jua la alasiri haligusiki kwa mkono, na joto hilo hulishusha moja kwa moja mgongoni kwa mnyama aliye chini yake hata kama hewa ni ya nyuzi 26. Banda likijengwa fupi ili kuokoa mbao, hali ni mbaya zaidi. Nyasi za rweya, yaani nyika ya wazi nje ya migomba, zimekuwa haba na watu wanazihitaji kutandazia migomba, hilo linaeleweka. Hata hivyo tabaka moja la nyasi au matete juu ya bati, au dari ya fito chini yake, hubadilisha kabisa hali ya ndani. Kuta zinaweza kuachwa wazi nusu upande wa ziwa, upepo wa mchana utokako. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa, ambayo miradi mingi huisisitiza kwa ajili ya kwato na usafi, hupitisha hewa pia, ilimradi mtu asijaze magunia pande zote kwa hofu ya baridi ya usiku.

Kisha kuna jambo la saa, ambalo sijawahi kulisikia likizungumzwa. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia. Bukoba iko kwenye nyuzi 31 na ushei. Kwa hiyo jua la Bukoba halifiki utosini saa sita bali karibu na saa saba, na kilele cha joto la banda huja saa tisa hadi saa kumi. Angalia ratiba ya nyumba nyingi: watoto wanarudi, mzigo wa mabingobingo, marando na maganda ya ndizi unatupwa horini saa saba au saa nane, kisha mbuzi anakamuliwa saa kumi. Majani yakishaingia tumboni huchachuka, na uchachukaji huo huzalisha joto kubwa katika saa chache zinazofuata. Ni kumwashia mbuzi jiko tumboni wakati ule ule bati linapowaka juu yake. Sehemu kubwa ya majani magumu ingelipwa kwa maziwa zaidi kama ingetolewa saa moja jioni, jua likizama, na nyingine alfajiri. Mchana amwagiwe kidogo tu, majani laini ya kaliandra au lukina, na maji.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Maziwa ya mbuzi ni maji kwa karibu asilimia 87, na pumzi za kujipoza hutumia mengine. Kwa kuwa Kagera ni ya mvua, wengi huamini mbuzi anapata maji ya kutosha kwenye majani mabichi. Msimu wa masika labda anakaribia. Lakini Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekatika, ndio msimu wa kuvuna kahawa. Kila mkono uko mibunini, na ndoo ya mbuzi inajazwa asubuhi na kusahauliwa. Vipande vya mgomba wanavyokatiwa kiangazi vina maji mengi na hushibisha, ila lishe yake ni duni, na mbuzi mwenye tumbo lililojaa mgomba hana nafasi ya majani yenye protini. Ndoo ya pili saa nane mchana, maji safi kutoka kivulini, ni dawa rahisi kuliko yoyote inayouzwa dukani.

Kutambua kama joto ndilo tatizo hakuhitaji kifaa. Simama pembeni saa tisa, tazama ubavu ukipanda na kushuka, hesabu kwa nusu dakika kisha zidisha mara mbili. Mbuzi aliyetulia kivulini hupumua mara 15 hadi 30 kwa dakika. Akifika 60 bila kukimbizwa, anapambana na joto. Akiacha mdomo wazi, amechelewa kuhudumiwa.

Si kila kushuka kwa maziwa ni joto, na hapa wafugaji hupoteza muda mwingi. Mbuzi hufika kilele cha maziwa kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya kuzaa, kisha hushuka polepole. Huo ni mwendo wa kawaida. Anapotaka dume, jambo linalojirudia kila baada ya siku 21 hivi kama hajapandwa, anaweza kupunguza kwa siku moja au mbili huku akipiga kelele na kutikisa mkia. Akishika mimba, homoni zake huanza kuelekeza nguvu tumboni, na katika nusu ya pili ya mimba ya siku 150 maziwa hushuka sana. Anapaswa kukaushwa miezi miwili kabla ya kuzaa ili kiwele kijijenge upya. Anayeendelea kumkamua hadi mwisho kwa sababu watoto wanalia maziwa hulipa kwa msimu wote unaofuata. Kiwele chenye upande mmoja wa moto, mgumu au wenye vidonge kwenye maziwa ni ugonjwa, wa kumwita mtaalamu wa mifugo.

Kuhusu mikono ya mkamuaji, kuna jaribio la zamani la Ely na Petersen wa Minnesota, la mwaka 1941, ambamo ng'ombe alitishwa kwa kuwekewa paka mgongoni na kupasuliwa mifuko ya karatasi karibu yake. Maziwa yaligoma kutoka, kwa sababu adrenalini ya hofu huizuia oksitosini, homoni inayoyasukuma. Mbuzi ana nafuu kidogo: sehemu kubwa ya maziwa yake tayari iko kwenye hifadhi ya chini ya kiwele, kwa hiyo hata mkamuaji mgeni atapata kitu. Hatapata mafuta mengi, kwa kuwa sehemu kubwa hubaki juu. Bibi akimpa mjukuu kazi ya kukamua na maziwa yakapungua, amuulize kwanza alimshikaje mbuzi, kabla ya kumtuhumu kuyanywa.

Kuna zawadi moja ambayo Kagera imepewa na haijaitumia. Mbuzi wa Ulaya huzaa kwa msimu. Siku zinapofupika vuli ya huko, giza refu huongeza melatonini usiku, na homoni hiyo ndiyo inayofungua mlango wa uzazi. Toggenburg kwao, siku ndefu kuliko zote hukaribia saa 16 na fupi ni saa nane na nusu hivi. Bukoba, karibu na ikweta, tofauti hiyo ni dakika zisizofika kumi kwa mwaka mzima. Mbuzi hawezi kuisoma. (Taa kali za kutegea senene mwezi wa Novemba hazinitii wasiwasi, siku chache za mwanga wa usiku hazitoshi kumpotosha.) Kwa hiyo mbuzi wa hapa anaweza kupandwa mwezi wowote, ikiwa lishe inaruhusu. Hata hivyo uamuzi huo mara nyingi huachiwa beberu, ambaye anazunguka kijijini na kupanda anapotaka.

Tuseme jike anapandwa mwanzoni mwa Mei. Anazaa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, vuli ikianza, na kilele chake cha maziwa kinaangukia Novemba, mawingu yakiwa mazito na majani machanga. Miezi ya kukaushwa inaangukia Agosti na Septemba, anapohitaji maji na majani machache kuliko mwenye maziwa. Akipandwa Januari, anazaa Juni na kilele kinakutana na kiangazi na kahawa. Ni mbuzi yule yule. Kinachohitajika ni kumfungia beberu mbali na majike, jambo ambalo pia huyaepusha maziwa na harufu yake. Akifungwa mbali kwa muda kisha akaletwa ghafla, harufu hiyo huwaamsha majike kwa pamoja. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitambua mojawapo ya kemikali zake, inayotoka kwenye nywele za kichwa cha beberu. Kikundi cha wafugaji kumi wenye beberu mmoja kinaweza kuitumia hila hiyo bila gharama yoyote.

Swali lililobaki ni la beberu gani aende wapi, na hapo miradi huwa haina subira. Muleba si moja. Uwanda wa Kamachumu una ubaridi ambao Saanen anaweza kuuvumilia, akipewa kivuli kwa sababu ngozi yake nyeupe huungua. Kimwani na mabonde ya kusini, kuelekea Ziwa Burigi, ni tambarare zenye joto, na huko damu nyingi ya Uswisi ni kumtia mtu hasara. Anglo-Nubian, mbuzi wa masikio marefu aliyezalishwa Uingereza kutokana na damu ya Asia na Afrika, huvumilia joto zaidi na maziwa yake yana mafuta mengi, ingawa ni machache. Malya, chotara aliyetengenezwa hapa nchini kwa damu ya Kamorai, Boer na mbuzi wa kienyeji, hana maziwa ya kujivunia lakini haumwi kila mwezi. Ningekuwa na beberu mmoja wa Saanen wa kugawa, ningempeleka Kamachumu. Kimwani ningepeleka Anglo-Nubian, damu yake isizidi nusu kwa watoto, na nyumba isingepewa jike hata mmoja kabla haijaonyesha pipa la maji na banda lenye paa la kufika juu ya kichwa cha mtu mzima.